Aya moja inakaliwa?

Wifi aliniuliza swali Jumapili na leo Alhamisi bado linanizunguka kichwani. Mnamjua Wifi: maneno yake machache, na kila moja linatua mahali pake.

Tulianza pamoja Januari kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Sura 1,189, yaani tatu au nne kila siku. Akaniuliza, "Wifi, umefika wapi?" Nikamwambia niko Zaburi ya 119.

"Bado?"

"Bado. Nimekaa kwenye aya ya 25."

Akanitazama kidogo. "Mimi niko Ezekieli. Aya moja inakaliwa?"

Hapo watoto wakaingia na kesi yao, mazungumzo yakageuka, naye nadhani alishasahau kabla hajaaga. Mimi sijasahau. Wiki hii baba amefanyiwa upasuaji wa jicho na anaendelea vizuri, ofisini wametangaza kwamba idara yetu inaunganishwa na nyingine, lakini nikiosha vyombo namsikia Wifi, nikipanga foleni namsikia Wifi. Aya moja inakaliwa? Nimemjibu kimoyomoyo kwa kila namna, na kila jibu nalipenda kuliko lililotangulia.

Inakaliwa, Wifi. "Nafsi yangu imeambatana na mavumbi, unihuishe sawasawa na neno lako." Asubuhi naisoma kwa sauti, nafunga kitabu, naondoka nayo. Mwanzoni niliona mavumbi tu, kwa sababu ndiyo hali niliyoamka nayo tangu minong'ono ya ofisini ianze. Baadaye ndipo nikaona kwamba huyu mtu haanzi kwa kuomba anyanyuliwe na kupelekwa mahali pazuri zaidi. Anaomba uhai akiwa hapohapo chini. Na uhai huo anaupimia kwa neno ambalo Mungu amekwisha kusema. Nguvu zake mwenyewe hazitaji kabisa. Ningepita hapo kwa mwendo wa sura nne kwa siku, ningeyaona wapi hayo? Jumatano kwenye kikao, majina yakisomwa, sikuwa na sala ndefu. Nilikuwa na neno moja, unihuishe, na lilinitosha hadi jina langu likasomwa.

Tena Yoshua aliambiwa ayatafakari maneno ya torati mchana na usiku wakati ana taifa zima la kuvusha Yordani. Mtu mwenye shughuli kuliko huyo sijui nitampata wapi. Na usiku ule wachungaji walipofika Bethlehemu, Luka anasema wote waliosikia walistaajabu, bali Mariamu akayaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake. Wengine walirudi makwao na mshangao wao. Yeye alibaki nayo.

Hata Zaburi hii yenyewe haikutungwa na mtu mwenye haraka. Ina aya 176, mafungu 22 ya aya nane nane, na katika Kiebrania aya zote nane za fungu moja zinaanza kwa herufi moja, fungu linalofuata kwa herufi inayofuata, hadi herufi zote zimekwisha. Karibu kila aya inataja sheria, shuhuda, mausia, amri, ahadi. Mtu hajipi kazi kama hiyo kwa kitu anachokithamini nusunusu.

Nilikuwa nimefika hapo jana usiku, nimewaka kweli, ndipo nikaendelea na aya zilizobaki za fungu lile. Aya ya 28 nafsi yake imeyeyuka kwa uzito. Aya ya 31 aliyekuwa ameambatana na mavumbi sasa ameambatana na shuhuda za Mungu. Na aya ya 32 anasema atakwenda mbio. Mbio! Aliyelala chini na anayekimbia ni mtu mmoja, na kati yao hazifiki aya kumi.

Nikamkumbuka Wifi mwaka ule wa msiba. Usiku alikuwa anasoma Isaya kuanzia sura ya 40 hadi mwisho bila kupumzika, akaniambia akisimama tu kilio kinaanza. Zile mbio zake zilimvusha hadi asubuhi, nyingi sana. Sasa nikilirudia swali lake, sauti inabadilika masikioni mwangu. Aya moja inakaliwa? Huenda alikuwa anauliza kweli. Huenda kwa mara ya kwanza tangu msiba anataka kusimama, na hajui ukisimama unafanyaje.

Kama bado yuko Ezekieli, anakaribia au ameshapita sura ya 37, lile bonde la mifupa mikavu, ambapo nabii anaambiwa aiambie mifupa ilisikie neno la Bwana, na pumzi inaiingia. Ni ombi langu lilelile la aya ya 25, yeye kalifikia kwa njia yake. Jumapili nitamwomba tuikalie sura hiyo wawili, hata ikitumia mchana mzima, na ratiba ya mwaka itusubiri.