Vyeti vya wateja kwenye laptopu kuukuu yenye Haiku

Nina stesheneri ndogo upande wa Mbuyuni, hapa Moshi. Kazi ni zile zile: pasipoti saizi, kuskani vyeti, kuchapa barua, fotokopi. Kompyuta ya mezani inayoendesha printa ina Windows. Pembeni iko laptopu kuukuu ya RAM GB 2, ambayo Windows za siku hizi zinaielemea, nikaiwekea Haiku. Huu ni mfumo endeshi wa bure unaofuata nyayo za BeOS, mfumo wa zamani wa kampuni ya Be. Mradi ulianza 2001, mwaka ule ule kampuni ya Palm iliponunua mali ya Be. Matoleo yake bado ni ya beta, yaani ya majaribio, lakini RAM ya MB 384 tu inatosha kuuwasha.

Wepesi ni mzuri, ila kilichoninasa ni utafutaji. Mteja anarudi baada ya miezi: “Kaka, kile cheti cha mtoto bado unacho?” Ukiangalia kwenye folda, kila faili ni scan na namba. (Nahifadhi kwa anayeniomba tu, wengine nafuta wakiwa wanaona.)

Diski ya Haiku hupangwa kwa BFS, mfumo wake wa kuhifadhi faili, na humo faili hubeba taarifa zake za pembeni, yaani atributi, ambazo unaweza kujitungia. Nilifungua FileTypes kwenye mipangilio, nikachagua aina ya JPEG, nikaiongezea atributi ya jina la mteja na nyingine ya aina ya hati. PDF nayo hivyo hivyo. Kisha kwenye Terminal, dirisha la kuandikia amri, nikaandika amri ya mkindex na jina la kila atributi ili mfumo uziwekee fahirisi, yaani orodha ya kutafutia haraka. Fahirisi itangulie, majina yafuate, maana faili zilizoandikwa kabla yake utafutaji hauzioni.

Sasa folda ya skani inaonekana kama daftari: safu ya mteja, safu ya hati, nabofya na kuandika papo hapo. Mama wa cheti akija, naandika jina lake kwenye dirisha la Find na faili zake zinajitokeza zote, popote zilipo kwenye diski. Utafutaji wenyewe unahifadhiwa kama faili na orodha yake hujisasisha, ila usipoufanya wa kudumu hufutwa baada ya siku 7.

Upande wa picha kuna jambo dogo ninalolipenda kupita kiasi. Kwenye ShowImage, programu ya Haiku ya kutazamia picha, nazungushia kipande cha picha, tuseme uso wa mtu kutoka picha ya harusi, nakiburuta hadi kwenye dezktopu kwa kitufe cha kulia cha mausi, na menyu inaniuliza nataka JPEG, PNG au nini. Kukata na kubadili muundo kumeisha hapo hapo. Kazi hiyo inafanywa na vitafsiri vya mfumo mzima, yaani visaidizi vya kusoma na kuandika miundo ya faili, kwa hiyo muundo mmoja ukishaongezewa kitafsiri, programu zote zinazotumia njia hiyo zinaufungua.

Tatizo linaanzia kwenye flashi. Flashi nyingi zimepangwa kwa FAT32, mfumo mwingine wa kuhifadhi faili, na FAT32 haijui atributi. Ukinakili faili, picha inafika salama ila jina la mteja linabaki nyumbani. Hata barua ya StyledEdit, programu ya Haiku ya kuandikia, ndivyo ilivyo: maandishi mazito na rangi hukaa kwenye atributi, kwa hiyo ukiifungua Windows unakuta maandishi matupu. Barua ya kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, yenye kichwa kilichokolezwa, siigusi na StyledEdit hata kidogo. Naiandika moja kwa moja kwenye mashine ya printa.

Kwa nakala za akiba natumia zip ya Haiku yenyewe, kwa sababu inafungasha na atributi zake. Nikiifungulia tena kwenye Haiku, majina yote yapo. Kuchapa ndiko bado sijapatia dawa: printa yangu haina draiva huko, kwa hiyo cheti cha mama yule kilihama kwa flashi hadi kompyuta ya mezani, hatua mbili tu kutoka laptopu.