Hilux yangu ilivyoacha otomatiki ikahamia manyuo

Kutoka Mombo hadi Lushoto, mkoani Tanga, ni kilomita 33, na karibu zote ni mlima. Unaanza chini kwenye joto la barabara kuu ya Arusha, unapinda kona baada ya kona, korongo upande mmoja na mwamba upande mwingine, unapita Soni, ukifika juu unatafuta sweta. Barabara hiyo ndiyo iliyoua gia boksi yangu ya otomatiki. Iliua mbili.

Gari lenyewe ni Toyota Hilux dabo kabini ya mwaka 1995, injini 3L, dizeli ya cc 2,800 isiyo na tabo, imetoka Japani na otomatiki ya gia nne. Kwa mtu wa mjini haina shida hata kidogo. Mimi nashusha viazi, karoti na kabichi hadi Mombo, halafu napandisha mbolea na saruji. Hapo ndipo otomatiki ya zamani inapoteseka. Haina klachi inayokamata moja kwa moja. Katikati kuna toki konveta, ambamo upande wa injini unazungusha mafuta na mafuta ndiyo yanausukuma upande wa gia. Ukipanda polepole na mzigo, injini inazunguka kuliko gia, na ile tofauti yote inageuka joto. Joto linakula hidroliki, yaani hayo mafuta ya gia boksi, na hidroliki ikiisha nguvu pleti za ndani zinaungua. Hidroliki nzima ni nyekundu kama juisi ya rozela. Siku nilipochomoa kijiti cha kupimia pale Soni ilikuwa rangi ya kahawa, inanuka kama kitambaa kilichosahauliwa chini ya pasi.

Nikanunua otomatiki nyingine ya mtumba. Ikadumu miezi minne. Baada ya hapo niliamua: nahamia manyuo, gia za kubadilisha kwa mkono, basi.

Nilimpigia muuzaji wa spea Dar es Salaam, nikamwambia nataka gia boksi ya manyuo ya Hilux 3L, ya fowili, yaani ya kuvuta magurudumu yote manne, na transfa yake, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma. Nikamuuliza, “Ni kamili?” Akanijibu, “Kamili, kaka.” Nikatuma shilingi 1,900,000. Gia boksi ikapanda na lori la mboga lililokuwa linarudi tupu, ikashushwa mbele ya gereji ikiwa imefungwa kwa kamba ya katani. Nilifurahi kama mtu aliyepokea mgeni.

Neno hilo “kamili” lilinigharimu miezi miwili na nusu. Kwa muuzaji, kamili maana yake gia boksi haijavunjwa. Kwangu mimi, kamili ni kila kitu kinachohitajika ili gari liondoke. Kati ya maana hizo mbili kuna flaiwili na bolti zake, klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi na uma wake, pedali za klachi na breki, masta ya klachi ya juu na ya chini pamoja na paipu yake, propela mbili (shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu ya mbele na ya nyuma), na kava la mpira la kuziba tundu la sakafuni. Hakuna hata kimoja kilichokuja. Nilikuja kuvijua kimoja kimoja, kila kimoja siku kilipohitajika, gari likiwa juu ya magogo.

Flaiwili ilikuwa ya kwanza. Gari la otomatiki nyuma ya injini lina sahani nyembamba ya chuma yenye meno ya stata, kwa sababu uzito wote uko kwenye toki konveta. Manyuo inataka flaiwili, gurudumu zito la chuma lenye uso laini ambao klachi pleti inaukumbatia. Nikaipata Tanga, nikaipeleka ikachongwe uso. Kumbe bolti nazo ni tofauti: zile za sahani ni fupi. Fundi alitaka kuzirudisha hizo hizo. Nilimwomba aikaze moja tu kwa mkono tuone. Ilishika nyuzi nne, labda tano, ikagota. Flaiwili ikifunguka kwenye mteremko wa Soni inatoboa sakafu ya gari na miguu ya aliyekaa humo. Tukasubiri bolti zake siku sita.

Siku gari lilipowaka kwa mara ya kwanza tulikuwa tumeshafunga kila kitu, oili ya gia imejazwa, klachi imetolewa hewa. Nikakanyaga klachi, nikasikia mlio kama kokoto ndani ya debe. Nikiachia, kimya. Nikikanyaga, kokoto. Gia ya kwanza haikutaka kuingia, rivasi ililia hadi watu wa dukani wakatoka nje. Fundi akasema klachi ni mpya, itazoea. Sikukubali. Tukaishusha tena, kazi ya siku nzima kwa jeki moja na watu watatu. Alipofungua flaiwili aliingiza kidole gumba kwenye tundu la mkia wa krenki, shafti kuu ya injini, akakizungusha taratibu, akakitoa na vumbi jeusi. Akanitazama. “Bosi, humu hamna kitu.”

Hapo ndipo inapokaa pailoti beringi. Kazi yake ni kushika ncha ya shafti ya gia boksi ili isicheze klachi inapokanyagwa. Otomatiki haina shafti hiyo, kwa hiyo kiwandani hawakuiweka, na tundu lilibaki wazi miaka yote. Bila beringi hiyo ncha inaning’inia, inayumba, klachi pleti haiachi sawasawa, ndiyo maana gia zinagoma. Ni beringi ndogo ya kushika kwa vidole viwili, niliinunua shilingi 12,000. Ilinirudisha nyuma siku tisa na kunilipisha ufundi mara mbili. Nikiwa na neno moja tu la kumwambia mtu anayeanza kazi hii, ni hilo: kabla gia boksi haijapanda, ingiza kidole kwenye mkia wa krenki.

Pedali zilikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Ukuta kati ya injini na dashibodi una alama zilizopigwa kiwandani mahali masta ya klachi inapokaa, kwa kuwa bodi ni moja kwa magari yote mawili. Fundi alitoboa kwenye alama, bolti zikaingia. Pedali pana ya breki ya otomatiki ikatoka, nyembamba ikakaa. Ile kebo nyembamba iliyokuwa inatoka kwenye pampu ya dizeli kwenda kwenye gia boksi tuliitoa kabisa. Paipu mbili za kupoza hidroliki zilizokuwa zinaingia chini ya rejeta tulizitoa pia, tukaunganisha midomo yake kwa kipande cha mpira ili uchafu usiingie. Na hapa niseme nilishukuru injini yangu kuwa ya zamani. 3L pampu yake ni ya mitambo tu, haina kompyuta ya kuuliza gia boksi imekwenda wapi.

Umeme hata hivyo ulitusumbua. Ufunguo ulizungushwa, taa za dashibodi zikawaka, stata kimya. Waya wa stata kwenye otomatiki unapita kwanza kwenye swichi iliyo ubavuni mwa gia boksi, inayohakikisha gari liko P (limeegeshwa) au N (halimo kwenye gia). Swichi imeondoka na gia boksi, njia imekatika. Fundi wa umeme alizikutanisha nyaya mbili, gari likawaka, akafunika kisanduku chake cha spana. Nilimzuia asiondoke. Nyaya zikiunganishwa hivyo, gari linaweza kuwashwa likiwa ndani ya gia, na mimi nina watoto wanaopenda kucheza na ufunguo. Tukafunga swichi chini ya pedali ya klachi, sasa haliwaki mpaka klachi ikanyagwe. Taa za rivasi nazo zilikuwa kwenye swichi ile ile ya zamani. Nyaya zake tukazipeleka kwenye swichi ya rivasi ya gia boksi mpya.

Kilichonichosha zaidi ya vyote ni propela. Urefu wa gia boksi hizi mbili na transfa zake haulingani, kwa hiyo propela ya nyuma haikufika na ya mbele ilizidi. Nilizibeba zote mbili hadi Korogwe kwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukereza. Nilimkuta amekaa nje akinywa kahawa. “Shikamoo mzee wangu.” “Marahaba mwanangu, umeniletea mifupa ya nini?” Nikamweleza. Akapima, akakata, akachomelea, akanirudishia jioni, akanionya kwamba yeye hana mashine ya kubalansi. Alikuwa mkweli. Gari lilipofika spidi 60 lilianza kutetemeka, usukani ukatulia lakini kiti na sakafu vikawa vinagonga. Nilivumilia wiki mbili, nikaogopa beringi za transfa, nikatafuta propela ya nyuma ya Hilux ya manyuo ya fowili. Ilifungwa kwa bolti nane bila kukatwa kitu, mtetemo ukaisha siku ile ile. Fedha za kukata na kuchomelea zilikwenda bure, na laiti ningenunua gari zima lililogongwa, nikachomoa kila kitu humo, ningemaliza kwa wiki mbili. Jumla nimetumia shilingi 3,750,000, mbali na mizigo niliyokosa kuibeba msimu wa karoti.

Mshale wa spidi bado unadanganya. Unasema 60 wakati simu inasema 52, ni meno ya kigia cha kebo hayalingani na ya mwanzo. Nitalishughulikia.

Mzigo wa kwanza ulikuwa magunia tisa ya viazi. Niliondoka Lushoto saa kumi na moja alfajiri, ukungu umelala barabarani. Baada ya Soni niliweka gia ya pili, nikatoa mguu kwenye mafuta, na injini ikalishika gari. Zamani kwenye otomatiki nilikuwa nakanyaga breki tangu kona ya kwanza hadi ya mwisho, nafika chini magurudumu yanafuka. Safari hii nilikanyaga kwenye kona kali tu. Mombo niliposimama nilishuka, nikasogeza kiganja karibu na rimu ya mbele kama ninavyofanya siku zote. Ilikuwa ya uvuguvugu. Nikaiwekea mkono kabisa, nikauacha pale, hadi vijana wa kushusha magunia waliponiuliza kama kuna tatizo.