Siku Moja Maishani Mwangu: Ganzi Inayovuka Usiku

Saa 11:00 alfajiri. Naishi Kimara, na kwa kuwa thieta yetu huanza saa 2 kamili, sina budi kupanda mwendokasi kabla watu hawajajaa kituoni. Humo garini ndimo ninamopanga kazi kichwani. Mimi ni daktari wa usingizi na ganzi, na leo orodha yangu ina mikono mitatu.

Saa 1:15 asubuhi. Wodini namkuta kijana dereva wa bodaboda aliyevunjika mkono siku 9 zilizopita, ambaye leo anawekewa chuma. Ananiamkia, kisha anauliza, "Daktari, ganzi ikiisha usiku itakuwaje?" Swali hilo ndilo kazi yangu ya kutwa. Bupivakaini, dawa yetu ya ganzi, ikizungushwa asubuhi kwenye mishipa ya fahamu ya mkono, mara nyingi huachia jioni au usiku, saa ambazo wauguzi ni wachache na maumivu hurudi kwa kishindo. Ndiyo maana tunaitafutia dawa ya kuisindikiza.

Saa 3:00. Kwenye kioo cha ultrasaundi, juu ya mtulinga, mishipa ya fahamu inaonekana kama vijiduara vyeusi vilivyosongamana kando ya mshipa wa damu unaodunda, na pafu liko chini kidogo tu. Naingiza mililita 20 za bupivakaini ya asilimia 0.5, kidogo kidogo, nikivuta bomba kila mara kuhakikisha damu hairudi. Zamani nilichanganya humo humo miligramu 4 za deksamethasoni, dawa ya jamii ya steroidi, na ganzi ilirefuka kwa takriban saa 6 hadi 8. Siku hizi huipitisha kwenye mshipa wa damu, kwa sababu sehemu kubwa ya faida hiyo hupatikana hata hivyo, na dawa yenyewe haikusajiliwa kwa ajili ya kuwekwa kando ya mishipa ya fahamu. Naisukuma polepole, maana ikiingia kwa kasi mgonjwa aliye macho hushikwa na muwasho mkali sehemu za siri, jambo ambalo hakuna anayependa kulieleza mbele ya watu watano waliovaa barakoa.

Saa 5:00. Mama mwenye kisukari anatengenezewa mkononi njia ya kusafishia damu kwa mashine. Upasuaji wake ni mfupi, na deksamethasoni hupandisha sukari, kwa hiyo nampa bupivakaini peke yake.

Saa 7:00 mchana. Tukila wali na maharage, daktari aliye mafunzoni ananiuliza habari za adrenalini kama dawa ya kuisindikiza ganzi. Namwambia kwamba Mjerumani Heinrich Braun aliichanganya na dawa ya ganzi tangu mwaka 1903, na kwamba inaisaidia sana lignokaini, dawa nyingine ya ganzi, ila bupivakaini haiongezewi muda wa maana. Klonidini, msindikizaji mwingine, huongeza kama saa 2, lakini hushusha presha. Deksmedetomidini, ndugu yake, huongeza zaidi, ila hupunguza mapigo ya moyo na kumfanya mgonjwa asinzie. Mimi, kwa wodi isiyo na mashine ya kumfuatilia kila mgonjwa, siithubutu.

Saa 8:30. Fundi gereji aliyebanwa mkono jana usiku ameletwa akiwa amevimba, ngozi imekaza na kung'aa. Huyu simpi ganzi ndefu hata akiniomba. Shinikizo likipanda ndani ya misuli, maumivu ndiyo yatakayotangulia kutuarifu, na ganzi ingeyanyamazisha. Tunakubaliana na daktari wa mifupa kwamba afanyiwe kwa nusu kaputi.

Saa 11:00 jioni. Kabla ya kuondoka namweleza kaka wa dereva kwamba mkono ule haujijui: usiachwe ukining'inia wala kulaliwa, na usikaribie kitu cha moto. Miaka kadhaa iliyopita mgonjwa wangu mmoja aliegemeza kikombe cha chai kwenye mkono wenye ganzi, akagundua alipoona malengelenge. Sikuwa nimemwonya.

Saa 4:20 usiku. Muuguzi anapiga simu: dereva bado hawezi kukunja hata kidole, haumwi, na anakataa vidonge vya kutuliza maumivu. Naomba apewe simu.

"Meza, mdogo wangu. Hivyo si vya sasa, ni vya alfajiri."

Nasikia glasi ikiwekwa mezani.