Kaka yake babu, mateka wa Tabora

Vita Kuu ya Kwanza ilisimama Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Kaka yake babu yangu, kijana wa Ngamiani, Tanga, aliyekuwa askari katika jeshi la Wajerumani, aliweka silaha chini wiki mbili baadaye pamoja na wenzake, akafa akiwa mateka kabla hajatimiza miaka ishirini. Wazee wa kwetu hawakuyazoea kamwe mambo hayo mawili kwa pamoja: kwamba risasi zilimkosa muda wote wa vita, kisha akaja kufa vita vikiwa vimekwisha.

Alijiandikisha mwaka 1915, mji ukiwa bado unasimulia jinsi kikosi cha Waingereza cha watu wapatao 8,000, kilichotoka Bombay, kilivyoteremka Raskazone Novemba 1914 na kurudishwa baharini na watu wapatao 1,000 wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, huku nyuki nao wakiwashambulia wapiganaji. Sitaki kumfanya shujaa. Jeshi alilolitumikia ndilo lililochoma vijiji na mashamba ya kusini wakati wa Maji Maji, miaka kumi tu kabla yake, naye alifuata mshahara wa rupia na heshima ya tarbushi.

Waingereza walipoingia Tanga Julai 1916, yeye alikuwa keshaondoka, na mama yake hakupata habari zake tena. Kikosi cha Wajerumani kilichobaki, naye akiwamo, kilirudi nyuma kuelekea kusini, kikavuka Ruvuma Novemba 1917, kikazunguka Msumbiji karibu mwaka mzima, kikarejea na kuingia Rhodesia Kaskazini, ambako tarehe 25 Novemba 1918, mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala ya Zambia, askari zaidi ya 1,100 walikabidhi bunduki zao. Kutoka hapo walipelekwa Ziwa Tanganyika, wakasafirishwa kwa meli hadi Kigoma na kwa reli hadi kambi ya mateka ya Tabora, na homa kali ya mafua, ile iliyoua mamilioni ya watu duniani mwaka huo, ikawapata wakiwa wamekonda na kuchoka.

Habari ililetwa Tanga na mwenzake wa kombania moja, aliyefunguliwa baadaye. Babu, ambaye wakati huo alikuwa mtoto, alitusimulia kwamba mama yao hakuuliza habari za vita hata kidogo. Aliuliza nani aliyemwosha, sanda ilipatikana wapi, na kama aliswaliwa. Mgeni yule alijibu moja baada ya jingine: alimwosha yeye mwenyewe pamoja na askari mmoja Mmanyema, kwa maji ya debe moja, sanda ilikuwa kipande cha merikani ambacho hakikufika miguuni, wakaongezea kitambaa cha kilemba, waliomswalia walikuwa watano, kwa kuwa wengine walikuwa wamelala hawajiwezi. Mama akashukuru, akaingia ndani, na jioni ile ikasomwa hitma.

Sanamu ya Askari iliyowekwa Dar es Salaam mwaka 1927 ina maneno yanayomwahidi anayepigania nchi yake kwamba hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Imewekwa kwa ajili ya waliomtumikia mfalme wa Uingereza. Huyu wetu alikuwa upande wa pili, na mtoto hakuacha. Mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee mishahara waliyokuwa wakidai tangu vita hivyo, majirani walimshauri babu aulizie haki ya kaka yake. Alikataa, na mimi naona alifanya vyema, kwani malipo yale yalikuwa ya walio hai, na hatukuwa na hata karatasi moja yenye jina la marehemu.

Kila Shaaban, tunapowasomea wafu wetu, jina lake hutangulia la babu kwa kuwa ndiye aliyekuwa mkubwa. Vijana wa siku hizi, waliosoma historia shuleni, huuliza kwa nini tumwombee mtu aliyebeba bunduki ya mkoloni, na swali lao ni la haki. Nimewaambia kwamba asiyeweza kumwombea kwa ajili yake mwenyewe, amwombee kwa ajili ya mama yake aliyemngoja. Mwaka huu wamesoma wote, isipokuwa mmoja ambaye bado tunabishana naye.