Jiwe la Čičmany

Jana fundi alimwaga chokaa kwenye pipa uani, akaitia maji, ikaanza kutokota na kutoa ule mvuke unaokereketa koo. Mjukuu wangu alikimbia. Mimi nikasogea.

Kiangazi cha 1987, Slovakia ikiwa bado sehemu ya Chekoslovakia, mwenzangu wa bwenini Bratislava alinichukua kwenda kwa bibi yake, Čičmany, milimani huko. Treni mpaka Žilina, kisha basi, kisha halušky, vidonge vyao vya viazi, kwa jibini la kondoo mpaka nikashindwa kuinuka. Hayo tuyaache.

Asubuhi nikamkuta bibi yuko nje na ndoo yake. Nyumba za kule ni za magogo yaliyoiva weusi, na juu ya weusi huo wanawake huchora kwa chokaa misalaba, mioyo, jogoo, nakshi zile zile wanazotarizi kwenye nguo. Wenyewe husema chokaa hukinga mbao na jua. Mimi naona walipenda tu kupendeza.

Alikuwa anazungushia dirisha. Tone likachuruzika, akalifuta kwa kidole gumba bila hata kulitazama.

"Kwenu mna chokaa?"

"Tunayo, bibi. Tunachoma mawe ya baharini."

Brashi ikasimama. Nikamweleza, kwa Kislovakia changu cha kuokoteza: magogo chini, matumbawe juu, tunawasha.

"Moto wenyewe mnauzima na nini?"

"Hatuuzimi. Tunauacha mpaka ufe."

Akanitazama kwa muda. Sikuelewa nimekosea wapi mpaka mwenzangu aliponinong'oneza: mwaka 1921 moto uliteketeza sehemu kubwa ya kijiji kile, na bibi alikuwa na miaka minane. Walijenga tena kwa magogo, wakachora tena. Nami nasimama pale, kijana wa Tanga, najisifia moto usiozimwa.

Akanipa brashi. Mstari wangu ulikwenda upogo kama njia ya mbuzi. Mjukuu wake akacheka, yeye akasema uachwe hivyo hivyo.

"Nitumie hilo jiwe," akaniambia wakati wa kuagana. "Nilione."

Niliporudi nyumbani niliokota tumbawe zuri, lenye matundu kama sega la nyuki. Kwanza nauli ya posta, halafu harusi, halafu barua za mwenzangu zikakoma. Siku hizi linazuia mlango wa nyuma usibamizwe na upepo.

Fundi aliliona jana, akauliza kama anaweza kulivunja ajazie msingi wa ukuta. Nikamwambia hapana, lile lina mwenyewe.