Bahasha Yangu Ilikaa Miezi Minne Haijafunguliwa

Nilipomaliza diploma ya ununuzi na ugavi nilikaa nyumbani Mbagala mwaka mzima, natuma maombi hayajibiwi. Shoga yangu akanielekeza kwa wakala mmoja wa ajira mjini, eti ana konekisheni na kampuni zote. Ghorofa ya tatu, lifti mbovu, foleni mpaka kwenye ngazi, na wote tumevaa kama tunakwenda kanisani.

Fomu elfu kumi, usajili elfu arobaini. Mama alinipa hela ya mchezo wake, zamu aliyoisubiri miezi. Nikaacha bahasha ya kaki yenye CV na nakala za vyeti, nimeifunga kwa selotepu ya bluu kwa sababu stationery walikuwa wameishiwa ile ya kawaida. "Wiki mbili tu dada'ngu, uko kazini," akasema binti wa mapokezi.

Wiki mbili zikawa miezi miwili. Nikipiga simu naambiwa faili liko kwa bosi. Mara moja tu waliniita, niende usaili kwenye ghala moja Vingunguti. Nikadamka alfajiri, nikabadilisha daladala mara mbili. Mlinzi akanitazama kwa huruma: "Wewe ni wa nne leo. Hapa hawajatangaza nafasi yoyote, mdogo wangu." Akanipa maji, akachukua namba yangu. Huyo mlinzi alinisaidia kuliko ofisi nzima ya wakala, maana baadaye alinipigia ghala la jirani lilipotafuta mtu wa stoo. Ndiko niliko sasa, mkataba wa miezi mitatu mitatu.

Lakini hela ya mama ilinikereketa. Kaka mmoja tunayesali naye, ambaye ni kiongozi wa chama cha wafanyakazi kazini kwao, akanifungua macho. Kumbe kanuni za mawakala binafsi wa ajira za mwaka 2014 zinamkataza wakala kumtoza anayetafuta kazi. Anayelipa ni mwajiri. Wakala lazima awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Na serikali yenyewe ina TaESA, huduma yake ya kuunganisha watu na ajira, ambako unajisajili bure. Miezi yote ile nilikuwa sijawahi hata kuuliza leseni iko wapi.

Nikarudi ghorofa ya tatu. Sikugombana. Niliomba tu kuona faili langu. Binti akainama chini ya meza, akatoa boksi la bahasha za kaki zimebanana kama mkate wa slesi, akapekua, akaivuta yangu. Selotepu ya bluu iko vilevile nilivyoibandika, haijaguswa hata ukucha. Miezi minne! Na waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wameiona.

Bosi, ambaye siku zote alikuwa "nje ya ofisi", akatokea. Nikamwomba anionyeshe leseni, nikamwambia nikitoka hapo naelekea Ofisi ya Kazi. Akacheka kidogo, akaniita pembeni, akanihesabia elfu arobaini.

"Na elfu kumi?"

"Hiyo ni ya fomu, dada. Fomu ulishaitumia."

Nikamwambia sawa, basi nipe fomu yangu niondoke nayo. Wakaitafuta nusu saa nzima, yeye na yule binti. Haikuonekana.