Mvua ya usiku, tope la asubuhi

Buhoma, usiku.

Mvua imeanza saa mbili na bado inapiga mabati. Aliyekuja msitu wa Bwindi, kusini-magharibi mwa Uganda, kufuata gorila kesho atakuwa na kazi ya kupanda mlima kwenye utelezi. Anayemtafuta Papilio antimachus, kipepeo mkubwa kuliko wote barani Afrika, hawezi kuomba usiku mzuri kuliko huu, mradi jua litoke asubuhi. Kipepeo huyu hafuatwi msituni. Anasubiriwa topeni.

Inafaa hilo liandikwe mwanzo kabisa, maana wengi wanaorudi mikono mitupu walitembea mno. Wanapita njia nzima ya mto Ivi, kutoka hapa Buhoma hadi Nkuringo, macho juu, na wanachoambulia ni kivuli kimoja kinachokatiza kati ya miti miwili na kupotea. Maisha yake yote yako kwenye vilele vya miti. Anaruka kwa kasi, na bawa lake jembamba humwezesha kuteleza hewani masafa marefu bila kulipiga. Hakuna binadamu wa kumkimbiza kwenye mteremko wa Bwindi, tena na kamera begani.

Dume ndiye anayeshuka, na kinachomshusha ni chumvi. Majani aliyokula akiwa kiwavi hayana sodiamu ya kutosha, na maji ya maua nayo hayampi. Tope lililoloweka jana na kuanza kukauka leo limekusanya chumvi juu juu. Kwa vipepeo wengi wenye tabia hii, sehemu ya chumvi anayokunywa dume humfikia jike wakati wa kujamiiana, pamoja na mbegu, na huishia kwenye mayai. Kwa hiyo anapotua chini amefuata kitu anachokihitaji kweli, na akishaanza kunywa huvumilia mengi ambayo asingeyavumilia akiwa kwenye ua. Hapo ndipo penye nafasi ya mpiga picha.

Kumtambua si kazi. Chukua rula ya shule ya sentimita 30: mabawa ya dume yaliyofunguka huchukua sentimita 18 hadi 23, ncha hadi ncha. Bawa la mbele ni refu na jembamba mno, la nyuma dogo na la mviringo, bila mkia wowote, ingawa ukoo wake umejaa vipepeo wenye mikia. Rangi ni ya machungwa iliyoiva kuelekea hudhurungi, yenye mabaka na madoa meusi. Mwenye mazoea ya kuwaona vipepeo wa jenasi (kundi la aina zenye undugu wa karibu) ya Acraea bondeni atadhani amemwona mmoja wao aliyekua kupita kiasi. Drury, Mwingereza mtaalamu wa wadudu, alimpa jina mwaka 1782, kutokana na kipepeo aliyekusanywa na Smeathman, mtafiti wa viumbe, huko Sierra Leone. Uganda tuna aina zaidi ya 1,200 za vipepeo, na hakuna mwingine mwenye umbo hili. Ukibaki unajiuliza kama ndiye, basi siye.

Kuchagua mahali ndiyo nusu ya kazi. Tope lolote halitoshi. Tafuta mahali njia inapokutana na kijito, penye mchanga mchanga uliochanganyika na udongo, palipolowa bila maji kusimama juu. Dimbwi lenye maji ya kina halina faida, kwa sababu chumvi imezimuliwa na kipepeo hana pa kukanyaga. Pawe na uwazi juu, tundu kwenye miti linalopitisha jua moja kwa moja kuanzia kama saa tatu na nusu. Pawe pia na njia ya hewani ya kushukia: mto au barabara iliyokata msitu, ili mabawa mapana kiasi hicho yasigonge matawi. Kingo za mto Munyaga zina sehemu za namna hii. Ukiona tayari vipepeo wadogo weupe na wale wa jenasi ya Graphium wenye mistari ya kijani wamejipanga kwenye mchanga, kaa hapo hapo. Vipepeo huvutwa na wenzao walioshuka, na tope lililojaa hujaa zaidi.

Kuna waliozoea chambo cha ndizi: ndizi mbivu zilizopondwa, zikaachwa siku tatu kwenye ndoo iliyofunikwa, zikaongezewa kikombe cha tonto, pombe ya ndizi, ili ziumuke vizuri. Chambo hicho ni kizuri sana, lakini kwa vipepeo wa jenasi za Charaxes na Euphaedra, ambao wanapenda matunda yaliyooza. Papilio hawana habari nacho. Mtu anaweza kukaa wiki nzima chini ya ndoo ya ndizi akizungukwa na Charaxes wa kila rangi, na yule jitu asimkaribie. Kinachomfaa yeye ni chumvi. Ndani ya hifadhi huruhusiwi kumwaga kitu chochote bila ruhusa ya Shirika la Wanyamapori la Uganda, na amri hiyo ni ya haki. Kwenye ardhi ya mwanakijiji kando ya msitu, baada ya kumwomba mwenye shamba, kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwenye lita moja ya maji, kikamwagwa polepole kwenye mchanga wa upana wa nusu mita, kinatosha. Ukizidisha, jua likiwaka utaona ukoko mweupe, na mchanga unakauka kabla hujapata mgeni. Mkojo uliolala unafanya kazi vizuri kuliko chumvi ya dukani, na wanaojua kazi hii hawaoni aibu kuusema. Weka pia karatasi ngumu mbili tatu zilizokatwa umbo la kipepeo na kupakwa rangi. Anayepita juu huona wenzake wameshuka.

Mwongozaji anatembea na askari mwenye bunduki kwa sababu ya tembo, na Kiswahili cha askari wengi hapa ni cha kambini, kifupi na kisicho na mzunguko. Waambie wote wawili mapema: leo hatutembei, tunakaa. "Afande, tutakaa hapa mpaka saa nane." Ukinyamaza, baada ya nusu saa watadhani umechoka na wataanza kukuhimiza msonge mbele. Soksi zivutwe juu ya suruali, gambuti ndefu, na kabla ya kukaa chunguza ardhi hatua tatu kila upande, kwa sababu siafu hupenda njia hizo hizo zenye unyevu. Mtu anayerukaruka kwa siafu hafukuzi siafu tu.

Sasa kamera, na hapa kosa la kwanza hufanyika nyumbani. Kwa sababu ni mdudu, watu hubeba lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100. Kwa kipepeo wa sentimita 20, lenzi hiyo inakulazimisha uwe chini ya mita moja kutoka kwake ili ajaze picha, na hutafika hapo. Lenzi ya milimita 300 kwenye kamera yenye kihisi kikubwa cha milimita 36 inampata vizuri ukiwa umbali wa karibu mita 2.8, ukimwachia nafasi kidogo pande zote. Kwenye kamera yenye kihisi kidogo cha milimita 23 hivi, ni kama mita 4. Tofauti ya mita moja na mita nne ni tofauti ya kupata na kukosa. Hakikisha tu lenzi yako inaweza kufokasi kwa ukaribu huo. Nyingine za masafa marefu hugoma.

Kwa umbali wa mita 2.8 na tundu la lenzi la f/8, eneo litakalotoka kali lina kina cha sentimita tatu na nusu tu. Bawa lenye urefu wa sentimita kumi likiwa limeinama kidogo tu, ncha inapotea kwenye ukungu. Kwa hiyo uso wa kamera uwe sambamba na mabawa. Akiwa ameyafungua, mpige kutoka juu kidogo. Akiwa ameyafumba, shuka mpaka tumbo lako liguse ardhi na umpige ubavuni. Ukimpiga kimshazari utapata jicho kali na bawa la ukungu, au bawa kali na jicho la ukungu, na haiponi hata kwa programu ya kompyuta.

Jua likiwa limewaka juu ya tope, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 400, f/8 na shata ya 1/1600 ya sekunde zinatosha. Wingu likipita au akisogea kivulini, panda hadi ISO 3200 na ushuke 1/1000. Usiende chini ya hapo, kwa sababu vipepeo wa ukoo huu hawatulii hata wakinywa: mabawa ya mbele hutetemeka muda wote. Tope ni jeusi na bawa nusu yake ni jeusi, hivyo kamera ikiachwa yenyewe itadhani kuna giza, itaongeza mwanga, na ile rangi ya machungwa itaungua. Punguza theluthi mbili ya stopu, kipimo cha mwanga kwenye kamera, kabla hajafika. Lenzi iliyolala kwenye baridi hupata ukungu ikitolewa kwenye hewa yenye joto na unyevu. Itoe kwenye mfuko nusu saa kabla.

Anapotua, usisogee. Dakika mbili za kwanza huonja, huinuka, hutua tena sentimita thelathini pembeni. Subiri mpaka mrija wa mdomo uzame mchangani na ukae. Ukiwa karibu kiasi cha kuona vizuri, tazama ncha ya tumbo: kila baada ya muda mfupi tone la maji safi hutoka nyuma na kudondoka. Maji yanapita mwilini, chumvi inabaki. Matone yakishaanza kufuatana ujue amejisahau, na sasa unaweza kusogea, kwa magoti, kutoka upande ambao jua haliko mgongoni mwako. Kivuli chako kikimgusa ameshaondoka, hata kama hukutoa sauti. Sogea anapotetemesha mabawa, simama anapoyatuliza. Piga picha moja ya ushahidi ukiwa mbali, kisha nyingine kila unapokaribia. Anayesubiri ile moja nzuri mara nyingi hurudi hana hata moja.

Jike ni jambo jingine. Haji topeni, na kukaa kwako mtoni hakutamleta. Njia pekee ni kuwa juu kuliko miti. Bwindi inakuruhusu, kwa sababu ardhi yake inapanda kutoka mita 1,160 hadi 2,607 na barabara ya kwenda Ruhija hupita penye miteremko ambapo vilele vya miti viko usawa wa macho. Mti uliochanua chini ya barabara, darubini, na subira ya siku kadhaa. Hata hivyo ni bahati, na picha ya mbali yenye ukungu ya jike ina thamani kuliko mia moja kali za madume.

UNESCO ilipoiingiza Bwindi kwenye urithi wa dunia mwaka 1994, haikuwa kwa gorila peke yao. Kipepeo huyu anatajwa katika maelezo yake, pamoja na Papilio leucotaenia mwenye ukanda wa rangi ya malai. Kutajwa huko hakumlindi na wakusanyaji. Wapo wanaonunua jitu huyu aliyekaushwa, na picha yenye namba za GPS ndani yake ni ramani ya bure kwao. Andika tarehe, saa, mwinuko na hali ya hewa kwenye daftari lako. Ukipandisha picha iNaturalist, tovuti ya watu kuweka viumbe walivyoviona, ficha mahali halisi, kitufe kipo. Ukimtumia ndugu kwa simu, futa namba hizo kwanza.

Mvua imepungua. Ikikatika kabla ya alfajiri, mchanga wa pale mtoni utakuwa umeloa vya kutosha, na jua litaufikia saa tatu na nusu. Likichelewa mpaka saa tano bado kuna nafasi. Baada ya saa nane mawingu ya Bwindi hurudi, madume hupanda juu, na hapo ni kukunja mfuko na kurudi.